Nanywa unga wa protini kila jioni, mbona miguu haiponi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina kilo 60, na kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Nilianza kukimbia ili nipunguze mwili, nikanogewa, na sasa najiandaa kwa mbio za kilomita 21. Nimejiunga pia na ukumbi wa mazoezi, nanyanyua vyuma chini ya mwalimu. Kwa wiki nafanya mazoezi siku tano, karibu yote jioni baada ya kazi.

Tatizo langu ni miguu. Tangu mwalimu aongeze mbio za kuteremka mlima, pamoja na yale mazoezi ya kupiga hatua ndefu mpaka goti likaribie kugusa sakafu, nimekuwa kichekesho. Kesho yake nashuka ngazi kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye reli, huku wenzangu wananipita wakicheka. Kukaa chooni ni mtihani. Maumivu yanachukua siku tatu, nne, na kabla hayajaisha zamu nyingine imeshafika, naenda hivyohivyo. Siku hizi hata nisipoumwa miguu ni mizito tu, haina kitu. Mwendo niliokuwa nakimbia huku napiga soga sasa unanitoa pumzi.

Mwalimu anasema ni asidi imejikusanya kwenye misuli, ninywe maji mengi na nijinyooshe. Ananiambia pia kwamba nisipokunywa unga wa protini ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, jasho lote limemwagika bure. Basi nanywa, hata ndani ya gari nakoroga. Asubuhi nakula mayai mawili ya kuchemsha na chai isiyo na sukari. Mchana ni majani ya saladi na kipande kidogo cha samaki. Jioni ni huo unga na maji, gramu 25 za protini kama kopo linavyosema, halafu nalala, maana chakula cha usiku kinanenepesha. Wanga nimeacha kabisa. Wali, mkate, viazi, hata ndizi nazikimbia. Nilipoacha, wiki ya kwanza tu nilishuka kilo mbili na nusu, nikajua nimepata dawa. Nameza pia vidonge vya vitamini C na E vya nguvu kubwa ili kusafisha misuli, na kabla ya mbio ndefu nameza kidonge cha maumivu, ibuprofeni.

Nile nini, Shangazi, au ninywe nini, ili misuli ipone haraka? Rafiki yangu ananishauri unga uwe mara mbili kwa siku.

Mengine ni madogo. Usingizi umekuwa wa mang'amung'amu, na siku zangu sijaziona miezi mitatu sasa, lakini nasikia kwa wakimbiaji hiyo ni kawaida.

Ni mimi,
Ninayeshuka Ngazi Kinyumenyume

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Naanzia ulikomalizia, kwa sababu jambo zito kuliko yote kwenye barua yako umelitupia kwenye kapu la "mengine ni madogo". Kukosa siku zako miezi mitatu si jambo la kuzoea. Wakimbiaji wengi linawapata, ni kweli, lakini kuwapata wengi hakulifanyi kuwa jema. Kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito, pima hilo kwanza. Kama haupo, mwone daktari wiki hii, wala usisubiri mbio zipite. Mweleze mambo matatu kwa pamoja: siku zimekatika, unafanya mazoezi siku tano kwa wiki, na unakula kama ulivyonieleza mimi. Ukimtajia moja ukaficha mawili, atakutibu nusu. Matatizo ya tezi ya shingo na ya homoni nyingine nayo hukata siku, kwa hiyo vipimo ni lazima, na mimi siwezi kupima kwa barua.

Ninachoshuku ni hiki: huli vya kutosha. Mwili ukipewa chakula kisichofikia gharama ya mazoezi ukijumlisha na gharama ya kuishi, huanza kubana matumizi. Moyo na ubongo hulindwa kwanza. Kinachopunguzwa ni vile unavyoweza kuamka kesho bila ya kuwa navyo, na uzazi uko mstari wa mbele. Hedhi hukatika, mifupa haijengwi inavyotakiwa, misuli iliyochanika hukaa foleni, usingizi unavurugika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililiweka wazi tatizo hili mwaka 2014, ikaeleza kwamba upungufu wa nishati kwa wanamichezo huwapata wanaume pia, ila wao hawana kalenda ya kuwashtua. Wewe unayo. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikikaa chini muda mrefu mifupa hudhoofika, na mkimbiaji anaanza kupata nyufa kwenye mfupa wa muundi au wa unyayo. Hizo haziponi kwa siku tatu, nne.

Sasa miguu. Umeyachanganya mambo mawili ambayo hayatibiwi pamoja: maumivu ya kwenye ngazi, na uzito wa siku ambazo huumwi.

Maumivu hayatokani na asidi. Laktiki, ndiyo hiyo asidi ya mwalimu, inayozalishwa ukikimbia kwa nguvu hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi tangu upumzike. Wewe unaumwa kesho yake na keshokutwa, wakati laktiki ya jana imeshasahaulika. Mwanafiziolojia Mmarekani, Theodore Hough, alikwisha kuandika mwaka 1902 kwamba maumivu yanayochelewa hivi yanaelekea kutokana na michaniko ndani ya msuli wenyewe. Ukiteremka mlima, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya kukuzuia usiporomoke: unajikaza huku unavutwa kurefuka. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoumiza nyuzi za msuli kuliko zote. Hatua ndefu za kushusha goti ni hivyohivyo, na kushuka ngazi ni hivyohivyo, ndiyo maana unageuka kinyumenyume. Jaribu kupanda ngazi hizohizo uone kama hutapanda kwa nafuu.

Maumivu hayo hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, kisha yanapungua yenyewe. Kujinyoosha hakubadilishi kitu cha maana. Tafiti zilizokusanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, zimelionyesha hilo. Na hapa nitakukatisha tamaa kidogo: hakuna chakula kinachoyafuta kwa usiku mmoja. Kinachoyapunguza kweli ni kuuzoesha mwili. Zoezi la kuteremka likirudiwa baada ya misuli kupona, huuma kidogo kuliko mara ya kwanza, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo mwambie mwalimu mlima uwe mara moja kwa wiki, uanze na mteremko mfupi, na hatua ndefu zisiwekwe siku inayofuata. Akikataa, ni mwili wako, si wake. Lakini kumbuka kwamba nyuzi zilizochanika zinajengwa kwa chakula. Ukizichana kila wiki bila ya kuzipa vifaa vya kujengea, unarudi mlimani kabla ya fundi kuanza kazi.

Ule uzito wa miguu ndio ugonjwa wa sahani hasa. Wanga unaokula huhifadhiwa kwenye misuli na kwenye ini kwa umbo la glaikojeni. Ukikimbia kwa kasi au ukinyanyua vyuma, hiyo ndiyo msuli unayoichoma kwanza. Mwili una mafuta tele, ila mafuta huungua polepole, hayawezi kukupa kasi. Ghala la glaikojeni likiwa tupu unapata kilekile ulichokieleza: miguu haina kitu, na mwendo wa soga unakutoa pumzi.

Kuna jaribio la mwaka 1966 ambalo kila mtu anayeogopa wanga ningependa alijue. Huko Stockholm, watafiti wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia wenyewe. Walipanda baiskeli moja ya mazoezi, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka akashindwa. Mguu wa pili ulipumzika. Kisha wakala zaidi wanga kwa siku tatu, huku wakijichoma sindano nene pajani kutoa vipande vidogo vya msuli ili wapime. Mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Mtu yuleyule, damu ileile, chakula kilekile. Msuli uliochoka unaupokea wanga kwa pupa. Wewe unauchosha siku tano kwa wiki, halafu unaupa majani ya saladi. Tena msuli uliochanika, kama wako baada ya mlima, hujaza ghala lake polepole kuliko mzima, kwa hiyo unahitaji kulishwa zaidi wakati wewe ndiyo kwanza unaunyima.

Zile kilo mbili na nusu za wiki ya kwanza zimekudanganya. Kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Ukiacha wanga, ghala linaisha, maji yake yanatoka, mizani inashangilia. Sehemu kubwa ya kilichoondoka ni akiba ya kukimbilia na maji yake. Nakuonya mapema: ukirudi kula vizuri, kilo moja au mbili zitarejea haraka. Usitaharuki, usirudi nyuma. Hayo si mafuta. Mafuta ya kilo moja yanahitaji ziada ya kalori 7,000 na kitu, na wewe kwa sasa huna ziada ya chochote.

Kiasi gani? Kwa anayefanya mazoezi ya nguvu ya wastani kama saa moja kwa siku, wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 60 anza na hiyo 5, yaani gramu 300, na siku ya kupumzika shuka kidogo. Usiogope tarakimu. Wali uliopikwa wa gramu 250 una kama gramu 70, na ndizi moja ya wastani kama 25. Mkate asubuhi pamoja na hayo mayai, wali na maharage ya kutosha mchana juu ya saladi yako, ndizi na glasi ya maziwa saa moja kabla ya mazoezi, viazi na samaki usiku: hapo umeshakaribia bila ya kupima kitu.

Usiku, ndiyo. Unatoka mazoezini saa mbili, unakunywa unga na maji, unaingia kitandani na misuli iliyochanika na ghala tupu, halafu unashangaa usingizi hauji. Kinachonenepesha ni jumla ya siku kuzidi matumizi yako. Saa ya ukutani haina habari. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2012 waliwapa vijana waliotoka kunyanyua vyuma gramu 40 za protini ya maziwa kabla tu ya kulala. Ilisagwa vizuri usiku ule, na ujenzi wa protini ya misuli ukaongezeka kuliko kwa waliokunywa kinywaji kisicho na protini. Kwa hiyo chakula cha jioni kirudi mezani, kikiwa kimekamilika.

Protini nayo tuihesabu, maana unadhani ndiko ulikojiweza. Mayai mawili ni kama gramu 12, kipande kidogo cha samaki tuseme 15, unga 25. Jumla 52. Kiwango cha chini kwa mtu asiyefanya mazoezi kabisa ni gramu 0.8 kwa kilo, kwako 48. Yaani pamoja na kopo lako la bei mbaya, unakula protini ya mtu anayeshinda amekaa. Kwa mazoezi yako lenga kama gramu 1.6 kwa kilo, hiyo ni 96 kwa siku, uigawe milo minne ya gramu 20 na zaidi badala ya kuirundika jioni. Na kuna kubwa zaidi. Mwili usiopata nishati ya kutosha huigeuza protini kuwa nishati. Unanunua unga wa kujenga misuli, mwili unauchoma. Ni kama mtu anayepasua viti vipya kuwashia jiko. Ukiongeza uwe mara mbili bila ya wanga, viti vinavyopasuliwa ni vingi zaidi, basi.

Ile nusu saa ya mwalimu isikutese, wala usikoroge tena ukiwa unaendesha gari. Msuli uliofanyishwa kazi unabaki tayari kuitumia protini kwa saa 24 na hata zaidi. Kula ndani ya saa moja, mbili, ukiwa umetulia, kunatosha. Wanaohitaji kukimbizana na saa ni wale wenye mazoezi mawili kwa siku, au mechi leo na mechi kesho asubuhi. Hao waanze na wanga mara moja, kama gramu 1 kwa kilo kila saa kwa saa nne za mwanzo. Wewe mazoezi yako yanaachana kwa siku nzima.

Vidonge vya vitamini C na E vya nguvu kubwa, acha. Misuli haina uchafu wa kusafishwa. Ile misukosuko ya kikemikali inayotokea ukifanya mazoezi ni sehemu ya ujumbe unaouambia msuli ujiimarishe. Utafiti wa Norway wa mwaka 2014 uliwapa watu miligramu 1,000 za vitamini C na 235 za vitamini E kila siku wakati wa mafunzo ya wiki 11, na baadhi ya mabadiliko ndani ya misuli yanayotarajiwa kwa mazoezi hayakutokea kama kwa wenzao. Matunda na mboga kula utakavyo, hayo hayana ubaya huo. Tukiwa hapohapo: chai isogeze mbali na mlo, saa moja hivi, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa. Utakapokuwa kwa daktari omba apime damu na akiba ya chuma, maana chuma kikipungua nacho huleta miguu mizito na pumzi fupi.

Kidonge cha maumivu kabla ya mbio ndefu nakikataza kwa herufi kubwa. Dawa za jamii ya ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na wewe wakati huo unatoka jasho na damu ya figo imeshapungua. Juu ya hapo unajiziba masikio usisikie msuli unaokulalamikia. Kwa maji, jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu mara chache ujifahamu. Kila kilo iliyopungua irudishe kwa lita 1.25 hadi 1.5 taratibu kwa saa zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi. Kunywa madumu kwa madumu kwa sababu umeambiwa "maji mengi" nako kuna hatari yake.

Na ishara moja ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: ukitoka kwenye zoezi zito, paja likavimba na kukaza isivyo kawaida, mguu ukakosa nguvu, na mkojo ukawa wa rangi ya chai nzito au kola. Hapo msuli unamwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuziua figo. Usilale nalo.

Mbio zako za kilomita 21 sikwambii uziache. Nakwambia usizitangulize mbele ya daktari. Mpaka akuone, punguza mazoezi yawe mepesi, siku tatu kwa wiki, mlima uache, na sahani ijae kuanzia leo. Inawezekana sahani hiyo itakutisha. Ukikuta unakaa mbele ya wali moyo unakwenda mbio, au unautupa kwa siri, mweleze daktari hilo nalo bila ya haya. Anaweza kukuunganisha na mtaalamu wa lishe, na ni tatizo linalotibika.

Kopo la unga usilitupe, umelilipia. Koroga kipimo kimoja kwenye maziwa badala ya maji, ukinywe asubuhi pamoja na mkate siku ambazo huna muda wa kupika mayai. Likiisha, angalia kama unahitaji jingine. Kwa mlo niliokuandikia, sidhani.